Programu Iliyokataa Sabato

Binti yangu Cynthia alijaribu ususi akauacha, akajaribu kushona akauacha, na alipojiandikisha kusomea kompyuta kule Keroka, shemeji zangu walikaa mkao wa kula wakingoja aache tena. Mimi nilikuwa nimeishiwa na maneno ya kumtetea. Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, nimewachapa na kuwabembeleza watoto wa watu hadi wakamaliza walichokianza, halafu wangu mwenyewe anashika hiki, anaachia kile. Husemwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wangu hakusana wala hakuvukuta. Alikaa mlangoni akijitazama kucha.

Lakini safari hii nikaanza kuona mambo. Kila Ijumaa alirudi nyumbani Gesima kabla jua halijatua, na hata kabla hajavua viatu alikuwa ameshaanza kunieleza walichosoma. Chuo chenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la mabati, kando ya barabara ya Kericho, malori yakipita madirisha yanatetemeka. Sikutarajia makubwa. Ijumaa moja tukiwa jikoni tunamenya ndizi, akaniambia wamefika kwenye safu.

"Safu ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ni kama mstari moja ya majani chai, Mama. Huwezi kupatia kila shina jina yake. Mstari wote unaita jina moja tu, halafu ukitaka shina fulani unasema ni namba ngapi. Kompyuta inaenda hapo moja kwa moja, inakuletea chenye iko hapo."

"Kwa hiyo ni kupanga vitu kwa mstari."

"Kupanga, na kila kitu ijue namba yake." Akacheka. "Mama, hii nimeelewa kabisa."

Sikumbuki mara ya mwisho mtoto huyo kuniambia ameelewa kitu. Niliinama juu ya ndizi nisije nikaonekana uso.

Mwalimu wao, Bwana Ogweno, mtu wa ziwani huko Homa Bay, alikuwa amewapa kazi ya kutahiniwa. Kila mwanafunzi achukue kitu cha kwao nyumbani chenye mpangilio, akiweke kwenye safu, aandike programu ya kukitumia. Mwenzake mmoja alichukua maziwa ya ng'ombe, mwingine mabao ya timu yake. Cynthia akachagua dawa zangu.

Hapa lazima nieleze. Mwaka jana damu iliniganda mguuni, na tangu wakati huo nameza vidonge vya kuizuia isigande tena. Dawa hiyo haina mchezo. Ukimeza pungufu damu inaganda, ukizidisha unavuja ndani kwa ndani mahali usipopaona. Na hospitali walikuwa wamenibadilishia kipimo karibuni: siku nyingine kidonge kimoja, siku nyingine kimoja na nusu, vyote vimeandikwa kwenye kadi kuanzia Jumapili hadi Sabato, yaani Jumamosi. Cynthia akaniomba kadi. Nikampa. Kusoma najua, na kadi yenyewe ilikuwa na mistari saba tu, lakini ningemnyima vipi? Nilitaka niwe mteja wake wa kwanza.

Basi ikawa kila jioni saa moja simu inalia kutoka Keroka. "Mama, programu inasema leo ni kidonge moja na nusu." Nami nakata kidonge kwa kisu cha kumenyea, nameza, namwambia ahsante. Kwenye kituo cha kupimia chai nilijigamba hadi wanawake wenzangu wakaanza kunikwepa. Nilikuwa nikiwaambia dawa yangu inapangwa na kompyuta, yao inapangwa na kusahau.

Ijumaa hatukuhitaji simu kwa kuwa alikuwa nyumbani. Na Ijumaa kwetu ni siku ya maandalizi. Sisi ni Waadventista, na mimi si Mwadventista wa kuchovya kidole. Jua likitua Ijumaa, nyumbani kwangu chakula kimeshapikwa, nguo zimepigwa pasi, nyasi za ng'ombe zimekatwa, simu zimezimwa. Cynthia alikuwa akiendesha programu yake alasiri, ananiambia dawa ya Ijumaa, kisha anatazama mstari wa mwisho wa kadi na kunitengea kwenye kisahani kidonge cha Sabato. "Hata kompyuta ipumzike," alikuwa akisema. Nilimsifu kwa hilo. Tukaishi hivyo kama mwezi.

Sabato niliyotaka kuwasimulia, ibada ilikuwa imekwisha na tulikuwa nje ya kanisa tukila chakula cha pamoja. Mzee Nyamweya, mzee wa kanisa, alikuwa ameshika upawa wa maharagwe na hakubali mtu mwingine aushike. Mimi nilikuwa kwenye benchi na sahani yangu ya ugali na mboga ya chinsaga. Ikaja pikipiki ikipiga honi, na nyuma yake mwanamume mrefu mwenye mkoba mgongoni, matope hadi magotini. Alishuka kabla haijasimama vizuri.

"Mwalimu Bosibori ni nani hapa?" aliuliza kwa sauti, bila hodi wala habari zenu.

Nitasema kweli, nilidhani amekuja kuposa. Nikamtazama umri, nikatazama ile suruali, nikaanza kutunga maneno ya kumkatalia kwa heshima. Kisha nikamwona Cynthia amesimama na sahani yake, midomo wazi.

"Mama, huyo ni Mwalimu Ogweno."

Akanijia moja kwa moja. Hakukaa. "Mama, unisamehe kwa kuharibia nyinyi ibada. Dawa ya leo umekunywa?"

"Nakunywa jioni."

"Usikunywe kwanza. Na jana ulikunywa ngapi?"

"Kimoja. Programu ilisema kimoja."

Akafumba macho. "Nyasaye," akasema. Kwetu Mungu tunamwita karibu vivyo hivyo, kwa hiyo kanisa zima lilielewa.

Alieleza huku akihema. Jumamosi ndiyo siku yake ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Asubuhi hiyo alifungua ya Cynthia, akaiendesha, ikamgomea. "Ilinirudishia maandishi nyekundu. Inasema Sabato haiko."

Mzee Nyamweya akaja na upawa wake unadondosha mchuzi. "Nani huyo amesema Sabato haiko?"

"Si mimi, Mzee. Ni programu."

"Na hiyo programu imeandikwa na nani?"

Macho yote yakamgeukia mwanangu. Siku nyingine ningecheka hadi nishike mbavu. Siku hiyo nilikuwa namtazama Ogweno, na Ogweno hakucheka hata kidogo.

"Nilidhani ni kosa ndogo ya kupunguzia alama," alisema. "Halafu nikaona kama siku ya saba imekosa nafasi, basi hizo zingine zote zimekalia nafasi si yao. Kila siku programu imekuwa ikisoma dawa ya kesho yake. Na Cynthia aliniambia mama yake anaitumia kweli. Nimepiga simu tangu asubuhi, yake na yako, zote zimezimwa. Nikakumbuka ni Sabato. Nikachukua boda."

Cynthia aliweka sahani yake chini kwenye nyasi taratibu, na kuku akaifikia saa hiyo hiyo. "Nimeua mama," akasema. Hakulia. Alilisema kama mtu anayesoma tangazo.

"Nani amekufa hapa?" nikamfokea. "Nimekaa nakula chinsaga mbele yako!"

Nilifoka kwa sababu nilikuwa naogopa. Kwenye mkono wangu wa kushoto, chini ya sweta, kulikuwa na alama ya damu iliyovilia tangu katikati ya wiki, nyeusi, pana kama kiganja. Nilikuwa nimeificha nisimsumbue mtu. Sasa nikaifikiria, nikafikiria kuvuja kusikoonekana, nikajiona nimelazwa sebuleni watu wanaimba, na shemeji zangu wanamnong'ona mwanangu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma kuliko kifo chenyewe. Ningekufa, na yeye angebaki na hilo jina maisha yake yote.

"Tupigie hospitali," Ogweno akasema. "Lakini kwanza tujue umekunywa nini haswa, maana watauliza."

Cynthia akatikisa kichwa. "Ni Sabato, Mwalimu. Siwezi kufungua kompyuta hapa." Akamtazama Mzee Nyamweya. Mzee akautazama upawa.

Hapo hasira zangu zikapata pa kwenda. "Mzee Nyamweya, ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato, utangoja jua litue?"

"Nitamtoa," alisema. "Imeandikwa."

"Basi leo ng'ombe ni mimi. Nitoeni!"

"Hata kompyuta hatuhitaji," Ogweno akasema. "Nipatieni vikombe saba."

Vikombe vya chai vya kanisa vikaletwa, vya plastiki, vya kila rangi. Akavipanga mstari mmoja juu ya benchi. Cynthia akatoa kadi ndani ya Biblia yake, alipokuwa ameitunza. Kwa vidonge tukatumia maharagwe ya Mzee Nyamweya: harage zima ni kidonge, na nusu nilizipasua mimi kwa kucha. Jumapili moja, Jumatatu moja, Jumanne moja na nusu, Jumatano moja, Alhamisi moja, Ijumaa moja na nusu, Sabato moja. Watu walikuwa wametuzunguka kama tunapiga mnada.

Ogweno akagusa kikombe cha kwanza. "Cynthia, hiki kompyuta inakiita namba ngapi?"

"Sifuri," akajibu kwa sauti ya chini.

"Na hiki cha mwisho?"

"Sita."

"Na wewe kwa programu uliita Sabato siku ya ngapi?"

Akanitazama mimi. "Ya saba. Sabato ni siku ya saba."

"Hapo mtoto hajakosea," Mzee Nyamweya akasema kwa uhakika, na kanisa zima likaitikia.

Na kweli, nani alimfundisha hivyo kama si mimi? Kabla hajajua kufunga kamba za viatu alishajua Jumapili ni ya kwanza na Sabato ni ya saba, na kwamba siku hiyo hufanyi kazi yoyote, wewe, wala binti yako, wala mgeni aliye malangoni mwako. Alipoulizwa na kompyuta leo ni siku ya ngapi, alijibu alivyolelewa. Kompyuta nayo inaanza kuhesabu kwenye sifuri, sijui nani aliilea. Mtoto alihesabu kuanzia moja, mashine ikahesabu kuanzia sifuri, na hapo katikati nikawa mimi na mdomo wangu wazi.

Cynthia alikuwa ameanza kuona. Akanyoosha kidole juu ya vikombe. Jumapili, siku ya kwanza, kidole kikaruka kikombe cha sifuri kikatua kwenye namba moja: dawa ya Jumatatu. Jumatatu kikatua kwa Jumanne. Kikaenda hivyo hivyo hadi Ijumaa, kikatua kwa Sabato. Kisha siku ya saba kidole kikapita mwisho wa benchi, kikabaki hewani.

"Hapa ndipo inakwama," akasema. "Inatafuta kikombe haiko. Lakini sijawahi kuiendesha Jumamosi."

"Mimi niliendesha leo," Ogweno akasema.

Kwa maneno mengine, kama tungekuwa Wakatoliki tungeliona kosa Jumamosi ya kwanza. Hilo nililiwaza tu, sikulitamka, kwa kuwa Mzee Nyamweya alikuwa amesimama karibu na upawa ulikuwa bado mkononi.

Ogweno alitaka kuanza kuhesabu nilichomeza, Cynthia akamzuia mkono. "Wacha nifanye, Mwalimu. Ni mama yangu." Akapiga magoti kwenye nyasi na gauni lake la kanisani. Akataja kila siku na nilichopewa, polepole, akiweka harage jingine mbele ya kila kikombe. Nilimwona akisimama kwenye Jumatatu, akirudia, akihakikisha. Sijawahi kumwona akirudia kitu kwa hiari. Alipomaliza akahesabu yaliyo ndani ya vikombe, kisha akahesabu yaliyo nje.

"Nane," akasema. Akahesabu tena. "Kwa kadi ni nane kwa wiki. Na kwa hii makosa yangu pia ni nane."

"Inawezekanaje?" Mzee Nyamweya akauliza.

"Dawa ya Jumapili haijawahi kuguswa, hii ya kikombe cha kwanza. Lakini ya Sabato ameikunywa mara mbili. Ijumaa programu inamsomea hiyo, halafu Sabato mimi namtolea kwa mkono kutoka kwa kadi. Hii ni moja, na hii ni moja." Akaligusa harage la Sabato. "Kama Sabato ingekuwa mbili, Mama... ama tatu..."

"Ni moja," nikamwambia. "Usinitafutie nyingine."

Ogweno akampigia muuguzi wa kliniki ya hospitali yetu, Sista Linda, kwa simu yake mwenyewe, akamweleza. Kisha akaiweka kwenye spika ili nisikie, na kumbe na wengine wote wasikie.

"Mwalimu Bosibori, ufizi unatoka damu?" Sista akauliza.

"Hapana."

"Mkojo je, iko na rangi ya damu?"

"Sista, niko kanisani."

"Choo ni nyeusi?"

Wanakwaya wakaanza kukagua mawingu. Nikasema choo ni salama, nikasema kwa sauti, maana aibu ilikuwa imekwisha kuingia, haina haja ya kubishiwa hodi. Halafu, kwa kuwa mtu haendi kanisani kudanganya, nikapandisha mkono wa sweta nikamwambia kuhusu ile alama. Cynthia alipoiona alishika kinywa.

"Uligonga mahali?" Sista akauliza.

Nilikuwa nimejaa hofu kiasi kwamba sikuwa hata nimejiuliza. Nikakumbuka. "Ng'ombe alinisukuma kwa mlango nikikamua. Jumatano."

"Inaongezeka?"

"Hapana. Inafifia."

"Basi hiyo ni ya ng'ombe. Sasa sikiza. Jumla ya wiki haijabadilika, na tofauti ya siku kwa siku ni nusu kidonge tu. Usiongeze, usipunguze. Leo kunywa moja vile kadi inasema. Jumatatu asubuhi uje tupime damu. Na hiyo kadi ikae kwa mgonjwa, sijui ilienda Keroka kufanya nini!"

Simu ikakatwa. Sitajifanya shujaa. Niliketi kwenye benchi bila kutazama, nikakalia Alhamisi na Ijumaa. Watu wakacheka, nami nikacheka hadi machozi, na machozi yenyewe hayakuwa ya kucheka. Nilisikia njaa. Nilisikia harufu ya majani yaliyolowa, nikaona watu wote pale ni wazuri, hata wale nisiowapenda. Mzee Nyamweya akamjazia Ogweno sahani iliyotaka kumwagika, akamwongezea ndizi mbili za kuchemsha juu yake. Mtu aliyekatiza matope yote yale kwa ajili ya mama wa mwanafunzi wake ale hadi ashindwe.

Cynthia peke yake ndiye hakula. Alikuwa akikusanya maharagwe moja moja kutoka kwenye nyasi.

"Kuteleza si kuanguka," Ogweno akamwambia.

"Niliteleza na mama yangu mgongoni, Mwalimu," akamjibu, akaokota harage jingine.

Jumapili hakuigusa ile kompyuta. Jumatatu alinisindikiza hospitalini, akakaa kwenye benchi la foleni akinishikia kitambulisho kama mtu anayengoja hukumu. Sista Linda akanitoa damu, akaingia ndani, akatoka anatabasamu. Damu yangu ilikuwa pale pale inapotakiwa kuwa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mlinzi akageuka. Nilidhani Cynthia naye ataruka. Alishusha pumzi tu, ndefu, halafu tukiwa njiani kurudi akaniambia kwamba harudi Keroka. Atachuma chai na mimi. Chai haiui mtu.

Nilitaka kumgombeza nikajizuia. Ningesema nini? Nilimjua huyu mtoto. Ususi aliuacha kwa uvivu, na kushona pia. Hiki alikuwa anakiacha kwa sababu anakipenda na kimemtisha, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nikaona nikinyamaza ataacha, na nikimfokea pia ataacha. Nikakamua ng'ombe nikiwaza.

Saa moja jioni niliweka mezani bilauri ya maji, kopo la dawa na kadi yangu. Nikamwita kutoka jikoni.

"Leo nimeze ngapi?"

"Kadi si hiyo hapo, Mama."

"Kadi najua kuisoma. Nusu ya Gesima imejifunza kusoma kwangu. Nimeuliza programu inasemaje."

"Programu ni mbovu."

"Itengeneze."

"Mama, dawa haichezewi."

"Ndiyo maana nakwambia ufanye haraka. Saa ya dawa imefika na mimi simezi." Nikakunja mikono. Nilimaanisha, au angalau nilitaka aone kwamba namaanisha. Tukatazamana. Tangu utotoni hajawahi kunishinda kwa kutazamana, ingawa jioni hiyo alikaribia.

Akaenda akaileta kompyuta, akaiweka mezani kwa kishindo kidogo. Akavuta kiti. Alichokibadilisha kilikuwa kifupi hata kunikasirisha: kabla ya kwenda kwenye safu, ile namba ya siku ipunguzwe moja. Basi. Mwezi mzima wa hatari uliponywa kwa kutoa moja.

"Sasa Jumapili," nikasema. Nilikuwa nimeweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa kadi.

"Moja."

"Jumatatu."

"Moja. Jumanne moja na nusu. Jumatano moja." Kidole changu kilikuwa kinashuka na sauti yake. "Alhamisi moja. Ijumaa moja na nusu."

Akasimama hapo. Niliona kidole chake juu ya kitufe, hakikishuki.

"Endelea," nikamwambia. "Na Sabato."

Akabonyeza. Hapakuja maandishi mekundu. Akaegemea kiti, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, akacheka kicheko kimoja kifupi. "Sabato moja, Mama. Iko."

Nikaondoa kidole kwenye kadi. Lakini sikuwa nimemaliza naye.

"Na leo?"

"Leo Jumatatu. Inasema moja."

"Nimesikia inavyosema. Wewe unasemaje?"

Akaitazama kompyuta. Akaivuta kadi, akausoma mstari wa pili, akausoma tena. Halafu akafungua kopo mwenyewe, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja changu na kunifumba vidole.

"Mimi nasema ni moja," akasema. "Kunywa, Mama."

Nikanywa.